Suti ya Lemein

Soila alikuwa ameifunika karatasi kwa kidole gumba, lakini mstari wa kwanza Wanyoike aliusoma vizuri juu ya bega la mkewe: Suti ya Lemein.

"Hiyo ni nini?"

"Kazi za leo." Akaikunja upesi. "Nikizisoma zote pamoja nitachanganyikiwa. Wacha nizifanye moja moja."

Miaka kumi na miwili ya ndoa, na jina hilo hakuwahi kulisikia. Soila alipotoka getini, Wanyoike akawasha pikapu.

Kwa fundi, sokoni Kitengela, suti ilikuwa tayari: nyeusi, ya kijana mwembamba. Bila kujua, Wanyoike aliyekuwa akichungulia dirishani akavuta tumbo lake ndani. Soila aliipapasa kola polepole, jinsi ambavyo hakuwahi kuligusa koti la mumewe hata siku moja. Kisha akatoa karatasi, akashusha kidole mstari mmoja.

Viatu. Wanyoike akajibanza nyuma ya mitumba iliyotundikwa.

"Si mwenyewe aje ajaribu?" akauliza muuzaji.

"Hapana. Hivi vitamtosha."

Kumbe hata mguu wake anaujua!

Kidole kikashuka: marashi. Kikashuka tena, na Soila akapanda gari la Kajiado. Wanyoike akalifuata njia nzima akipanga maneno atakayomwambia huyo kijana, na ngumi itakayofuata maneno.

Alitarajia lojingi, chumba cha kukodi. Soila akazipita lojingi zote, akaingia geti la hospitali, akazunguka hadi jengo la nyuma.

Daktari, basi. Ndiyo maana ya suti.

Wanyoike akamfikia mlangoni, akamshika mkono. "Soila! Lemein ni nani?"

Soila akageuka. Akaikumbatia suti kifuani.

Mlango ukafunguliwa. Hewa ya baridi ikatoka, na mzee mwenye aproni na glavu.

"Mama Lemein? Leta nguo tumvalishe." Akaipokea suti kwa mikono miwili. "Pole sana, mama. Miaka kumi na tisa tu, jameni." Kisha akamtazama mwanamume aliyemshika mama mkono. "Na wewe ndiye babake?"

Soila akainamisha kichwa.

"Eeh," Wanyoike akasema. "Ni mimi."