Mtungi wa Waoga

Mke wa Admirali alikuwa amesimama katikati ya duka la vifaa vya kuzamia, mdomo wa mpira umemjaa kinywani, akivuta hewa ya mtungi kwa mkoromo. Admirali aliona aibu hata kumtazama. Wateja wawili walikuwa wakijaribu miwani ya majini pale karibu, na yeye, mtu mzima na heshima zake, akaonekana ameoa kituko.

Admirali hakuwahi kuwa mwanajeshi. Kazi yake ilikuwa kuuza bima. Klabuni, wazamiaji wenzake wa mwisho wa wiki walimwita hivyo siku moja kumvisha kilemba cha ukoka, naye akakifunga vizuri na hajakivua mpaka leo.

"Toa hilo domo," alimwambia mkewe. "Chagua tuondoke."

Jumamosi klabu ilikuwa inashuka kwenye meli iliyozama, na mkewe alikuwa ameapa hagusi maji mpaka suala la hewa ya akiba liishe. Admirali alikwisha kuwatangazia wenzake kwamba anashuka na mkewe, mwanafunzi wake, kazi ya mikono yake. Hakuwa tayari kuadhirika kwa sababu ya woga wa mwanamke.

Fundi wa duka, mwanamume mpole mwenye mikono mikavu, akaanza upya.

"Huu mdomo wa njano wenye mpira mrefu ndio wanaoutumia wengi," alisema. "Huu mwingine umeunganishwa na jaketi, lakini mambo ni yaleyale. Dada, uelewe kitu kimoja: yote inavuta kwenye mtungi huohuo uliobeba mgongoni. Mtungi ukiisha, nayo imeisha. Wako ni wa kumwokoa mwenzako, na wa mwenzako ndio wa kukuokoa wewe."

"Kwa hiyo hewa yangu ya akiba ni huyu," mkewe alisema bila kugeuka.

"Huyuhuyu!" Admirali alijipiga kifua, na tumbo likatikisika chini yake. "Unataka akiba gani tena?"

Mkewe aliuweka ule mdomo wa njano juu ya kaunta. Mwezi uliopita, kule chini, hewa ilimwishia. Akapitisha kiganja shingoni, ile ishara waliyofundishwa, na Admirali hakuwapo. Alikuwa amemfuata kasa ampige picha. Mwanamke mwingine wa klabu, mshona mapazia, ndiye aliyempa mdomo wake wa njano akapanda naye taratibu hadi juu. Admirali alipoibuka alimkuta mkewe ameinama ukingoni mwa mashua akitapika maji ya chumvi, akamwonyesha picha za kasa. Hadithi hiyo ilikuwa imemchosha. Mtu ameshindwa kuangalia geji yake ya hewa mwenyewe, kisha anatafuta wa kumlaumu!

"Na huu?" Mkewe aligusa mtungi mdogo, mnene kama chupa ya chai.

"Huo unajitegemea. Una hewa yake na mdomo wake, unafungwa ubavuni mwa ule mkubwa. Hasa ni wa mtu anayeshuka bila mwenzake."

Admirali aliangua kicheko mpaka wale wateja wakageuka. "Mtungi wa waoga huo! Kwetu klabuni anayeuvaa tunamuuliza kama amebeba na mto wa kulalia. Mke wangu, mimi niko hai, halafu wewe uvae hicho? Si bora unitukane tu?"

"Mtu mnene anaufikia?" mkewe alimuuliza fundi.

Admirali akakitazama kiuno cha mkewe, ambacho kweli kilikuwa kimeongezeka tangu mtoto wa pili, akabetua midomo. Afadhali anajijua, aliwaza.

"Anaufikia, dada. Tunausogeza mbele kidogo."

"Na mtu asiyesikia la mtu? Ukimweleza kitu, mawazo yake yako kwingine. Ataweza kuutumia?"

"Ni kufungua na kuvuta tu."

"Hapo umejieleza wewe mwenyewe," Admirali alidakia, akamkonyeza fundi. Fundi aliinama akajishughulisha na mikanda.

Simu ikaita. Alikuwa mwenyekiti wa klabu, na Admirali alitoka nje ili aongee kwa nafasi. "Anataka kimtungi!" alisema, akikausha machozi ya kicheko. "Ndiyo, kile kile! Mwacheni, Jumamosi mtajionea wenyewe. Leteni na kamera."

Aliporudi, mkewe alikwisha kulipa kwa pesa zake, na fundi alikuwa akiandika jina kwenye mtungi mdogo kwa rangi nyeupe, maana mashuani vifaa hufanana, na watu hubebeana.

"Haya, umeshinda," Admirali alisema. "Ila wakianza kukucheka usijifiche nyuma yangu. Jumamosi utatangulia kushuka, wakuone vizuri."

"Nitatangulia," mkewe alisema, akifunga mkoba wake. "Nashuka na mshona mapazia. Tulishakubaliana."

Admirali alimtazama kama hajasikia sawasawa. "Na mimi je?"

Fundi aliipuliza rangi ikauke, kisha akausukuma ule mtungi mdogo juu ya kaunta mpaka mbele yake. Ubavuni, kwa herufi kubwa nyeupe, palikuwa pameandikwa: ADMIRALI.