Dafu la Pili

"Tangulia, nakuja," Hemedi alimwambia mkewe, wakishindana kwa baiskeli kwenda mjini. Mwanashea alipotokomea kwenye kona ya barabara ya pwani, Hemedi akasimamisha basi na kupandisha baiskeli yake juu ya keria, akidhamiria kufika mjini kama mshindi.

Mbele kidogo basi likamkuta Mwanashea amesimama ufukoni kando ya baiskeli yake, akinywa dafu. La pili, lililokwisha kukatwa, alikuwa amelishika kwa ajili ya mumewe.

"Mzee wangu, yule mama naye ana baiskeli," kondakta akasema. "Mko pamoja? Tusimame?"

"Simjui," Hemedi akajibu, akiinamisha uso.

Basi likapita. Kupitia kioo cha nyuma alimwona akilifunika dafu lile kwa kiganja lisiingie vumbi, macho yake yakiwa bado upande walikotoka.