Mtani wa Marehemu

Mwanamke alijipenyeza kati ya waombolezaji, akalipiga jeneza kwa kiganja.

"Elisaria! Amka, kumekucha! Fungua duka!"

Kilio kikakatika. Chini ya turubai, kwenye uchochoro wa nyuma ya duka la vitenge la marehemu pale Kariakoo, watu walikuwa wakimuaga kabla ya safari ya Machame.

Ansbert aliinuka amtoe. Violeth akamshika mkono. Wote wawili walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, wamekuja kumfariji mwenzao Mektilda, binti wa marehemu.

"Kaa chini," Violeth alinong'ona. "Huyo ni mtani. Wachaga na Wapare wanataniana mpaka msibani. Ukimtoa, umeutukana ukoo mzima."

Alikuwa na uhakika. Kwao Songea alishaona watani wakiingia kaburini na kugoma kutoka. Na muhula mzima darasani wamefundishwa hivyo: mila ya mtu usiihukumu kabla hujaielewa.

Mwanamke alikaza kanga kiunoni, akatembea akichechemea, tumbo mbele, vile vile alivyotembea marehemu.

"Mmemvisha suti! Basi mfungieni vizuri, tena kwa kufuli mbili, kama alivyomfungia mfanyakazi wake Josepha ghalani! Moto ulipowaka si alianza kuokoa majora ya vitenge?"

"Hawa Wapare hawana adabu!" alisema shangazi mmoja, akaangua kicheko.

Kicheko kikaenea. Hata Mektilda, aliyekuwa hajatia kitu mdomoni tangu baba yake afariki, alicheka mpaka akashika mbavu. Mjane peke yake aliinamisha kichwa.

"Josepha aliita mpaka sauti ikamkauka. Elisaria, ulimsikia? Alikuwa akigonga hivi!"

Akaligonga jeneza, ngo, ngo, ngo. Watu wakazidi kucheka, wengine wakamtuza noti. Zilianguka miguuni pake. Hakuziokota.

"Ningeharibu kweli," Ansbert alimwambia Violeth. "Ungeniacha, ningemtoa kwa nguvu."

Violeth alitabasamu. Kwa mara ya kwanza aliona masomo yake yamemfaa mtu.

Jeneza lilipopakiwa garini, alimkuta yule mwanamke ameketi peke yake kwenye ngazi za duka. Alimpelekea maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Pole kwa kazi. Umewapunguzia wafiwa machungu. Lakini utani wa Wapare ni mkali, mama, kwetu haufiki huko."

Mwanamke aliipokea chupa, hakunywa. Alilitazama gari mpaka likakata kona kuingia Mtaa wa Msimbazi.

"Mimi ni Mmakonde wa Newala," alisema. "Josepha nilimzaa mimi."