Korongo Anayetazama Pembeni

Hata leo yule korongo alitazama pembeni. Mke alimfuta mumewe supu kidevuni, akajitahidi kutoiangalia picha iliyotundikwa mbele ya kitanda.

Ilikuwa kazi ya mwisho ya mumewe, mchoraji wa ndege, kabla kiharusi hakijamlaza na kuufunga ulimi wake. Korongo mmoja, kasimama kwa mguu mmoja kwenye theluji, shingo kaielekeza nje ya fremu. Mke aliikuta katika chumba cha kazi, ambamo huwa haingii kwa sababu ya harufu ya rangi, akaipeleka kwa fundi wa fremu. Fundi alilalamika kwamba upande mmoja ulikuwa mweupe mtupu, lakini akajisifu kuwa ameiweka sawa, ndege akae katikati.

Wifi yake, ambaye ulimi wake haukuwahi kupooza, alikuja kumjulia hali kaka yake, akasimama mbele ya picha.

"Kaka hajawahi kuchora baridi," alisema. "Na ndege mwenyewe anatafuta njia ya kuondoka. Mtu huchora yaliyo moyoni, wifi."

Wazo hilo ndilo lililomkondesha mke. Kabla mumewe hajaanguka walikuwa wamenuniana siku kadhaa, kwa jambo dogo ambalo sasa hata halikumbuki. Tangu hapo anamgeuza, anamwogesha, anamnyoa ndevu, mgongo haumpi nafasi, na kila akiinua macho picha inamwambia anamuuguza mtu aliyekwisha kumchoka. Mgonjwa naye kila akiiona huguna na kuinyooshea mkono wa kushoto, kana kwamba anamkumbusha.

Wifi alipoondoka, mke aliishusha ukutani. Ikakae stoo, yeye amechoka.

Mumewe akaanza kuhangaika, jasho likimtoka. Midomo ilipinda, ikatetemeka, na neno likatoka, la kwanza tangu augue.

"Nyuma."

Mke aliigeuza picha. Fundi alikuwa amekikunja kitambaa cha picha kwa nyuma, ule upande mweupe, na kukipigilia vijimisumari. Aliving'oa kwa mpini wa kijiko, akakikunjua.

Huko ilionekana kuwa theluji ilikuwa rangi nyeupe tu ya kutandikia kitambaa kabla ya kuchora, na juu yake yalichorwa matete kwa penseli hafifu, yakingoja kijani. Katikati ya matete alisimama korongo wa pili, jike, naye wa penseli, kamwelekea mwenzake, midomo yao karibu igusane.