Mbuzi wa Mheshimiwa

Watu wa Pito walishangaa kumwona Masunga akichinja mbuzi wa kumkaribisha mtu aliyemuulia maksai.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha. Wenzake wako shambani. Yeye amebakiwa na maksai mmoja, na maksai mmoja kwenye jembe ni kama mkasi wa upande mmoja. Wa pili aligongwa na gari la Mheshimiwa Isdori, mbunge wao. Polisi walipofika walimpigia mheshimiwa saluti, kisha wakamuuliza Masunga ng'ombe wake alikuwa anawahi wapi.

Alipodai maksai mwingine, akajibiwa kwamba mbunge ana kinga, haguswi. Lwitiko, karani mstaafu wa mahakama, alimwambia kinga ni ya maneno ya bungeni, si ya matairi. Ila nani atamwambia mheshimiwa hivyo? Wakanong'onezana kidogo, wakacheka. Kesho yake Masunga akaanza kutafuta mbuzi.

Isdori alikula paja zima. Kisha akahutubia, akamsimanga mbunge wa jimbo jirani aliyehamia chama kingine.

"Sheria haina mchezo," alisema akijipangusa midomo. "Ukijiunga kwao tu, ubunge unauacha mlangoni. Posho, pasipoti ya kidiplomasia, saluti, kwaheri. Mimi mtanizika na chama changu."

Wakapiga makofi. Masunga akapiga kuliko wote.

Bertilla, aliyeongoza mapokezi, akaleta kitabu cha wageni kilichovalishwa karatasi ya kalenda. Mheshimiwa alikwisha kusaini vitabu vya namna hiyo katika kila shule na kila zahanati ya jimbo. Hakuwahi kusoma hata kimoja. Bertilla akaukandamiza ukurasa kwa kiganja, upepo usiupeperushe. Mheshimiwa akajaza: jina, namba ya simu, sahihi. Kwenye maoni akaandika kama kawaida yake: *Niko pamoja nanyi daima.* Lwitiko akampiga picha kalamu ikiwa mkononi, naye akatabasamu vizuri.

"Umetuheshimu sana, mheshimiwa," alisema Bertilla, akaondoa kiganja.

Juu ya ukurasa paliandikwa: *Wanachama Wapya, Tawi la Pito*, na chini yake jina la chama alichohamia yule mbunge wa jirani.

Masunga akavuta kigoda, akaketi mbele ya mgeni wake.

"Haya, ndugu mwanachama," alisema. "Tuongee habari ya maksai."