Jino la Godelive

Daktari alimaliza kusafisha jino la Godelive, akazima mashine.

"Mama, tuzibe na amalgamu ao na rezini? Amalgamu iko nguvu sana, lakini iko kijivu. Ukicheka, bantu batayiona. Rezini iko nyeupe sawa jino."

Kabla Godelive hajajibu, mume wake alisema kutoka kiti cha mlangoni, macho kwenye simu: "Weka ya kijivu, dokta. Huyu anachekaka na nani?"

Godelive aligusa tundu kwa ncha ya ulimi. Lilikuwa pana kuliko alivyodhani, na kingo zake zilikwaruza. Alikumbuka arusi ya dada yake kule Lukafu, alipocheka mpaka machozi. Ndani ya gari, wakirudi, mume alimwambia kwamba amemwaibisha kwa kuanika meno mbele ya watu. Tangu siku ile alikuwa akicheka mkono mdomoni, kisha akaacha kucheka kabisa.

Alifuta mate kidevuni.

"Dokta, weka ya nyeupe."

Mume aliweka simu chini.

"Nyeupe juu ya nani? Unataka nani akuone?"

Daktari aliwatazama wote wawili. Godelive alifumba macho, akaachama kinywa chote.