Injini ya Mjomba Osmund

Ilikuwa siku ya nne Osmund amekatazwa kuliona gari lake mwenyewe. Fundi Makarius alikuwa ametundika turubai mbele ya gereji yake pale Majengo, na kila Osmund alipochungulia, spana iligongwa kwenye bati kumfukuza, kama anavyofukuzwa kuku kwenye mahindi.

Asingeweza kulalamika. Siri aliitaka yeye. Alitaka injini ya kutisha, lakini kwa nje gari libaki lilivyo: Korola nyeupe ya familia, keria yenye kutu, kibandiko cha Jumuiya ya Mtakatifu Yosefu kwenye kioo cha nyuma. Mtu akiliona aseme hilo linakwenda misa ya kwanza na litafika ya pili.

Shida ilikuwa mdogo wake, Emiliani. Tangu utotoni, alichokuwa nacho Osmund, Emiliani alikitaka. Osmund aliponunua Korola nyeupe, mwezi haukupita Emiliani akatoka Dar na Korola nyeupe ya mwaka uleule. Tofauti ni kwamba ya Emiliani ilikuwa inakwenda. Mlimani ilimpita kaka mtu huku Emiliani anamenya chungwa. Wapo wanaoapa kwamba alimenya kwa mikono miwili, tuseme mmoja.

Na Jumamosi Devota, binti wa dada yao Monika, alikuwa anaolewa. Katika ukoo ule mjomba ndiye anayempeleka bibi harusi kanisani, na wajomba walikuwa wawili. Mama yao, Bibi Kasiana, alichoka kuamua ugomvi, akaweka sheria: asubuhi ya harusi, atakayefika wa kwanza kijijini Maposeni, kwa kina Devota, kutoka mjini atambeba bibi harusi. Wa pili atabeba masufuria.

Harusi mbili zilizopita Osmund alibeba masufuria, akaingia kanisani na masizi kwenye suti. Sasa alibaki Devota tu, binti wa mwisho, ambaye miaka yote ya sekondari alilelewa nyumbani kwake. Wiki ile Devota alimpigia simu. Hakusema mengi.

"Mjomba, safari hii usichelewe."

Basi Osmund akawa anashinda kwenye benchi nje ya turubai, akipokea taarifa kwa sauti. Silinda hedi imechongwa. Ringi mpya zimeingia. Nozeli zimeoshwa, ungeweza kuzivaa kama hereni. Osmund aliuliza injini yenyewe imetoka wapi.

"Mzee wangu, hilo niachie mimi," Makarius alijibu kutoka ndani. "Jua tu imetoka kwa mtu anayejua kuitunza."

Siku hiyohiyo, akirudi nyumbani, Osmund alikutana na Emiliani sokoni, anatembea kwa miguu, viatu vyekundu kwa vumbi. Emiliani alimwamkia kaka yake, akaeleza kwamba daktari amemshauri atembee kwa ajili ya presha. Osmund alimpa pole, akampongeza kwa utii, na akacheka peke yake hadi mlangoni.

Ijumaa turubai lilishuka. Makarius aliwasha, akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini sikioni, akasikiliza kama daktari wa kifua. Alikaza hapa, akalegeza pale, akasikiliza tena. Kisha wakaenda kuijaribu barabara ya Namtumbo. Osmund alikanyaga mafuta kidogo tu, kwa heshima, na Korola ikaruka. Mbuzi waliokuwa kando ya barabara waligeuza shingo kuitazama inakuja, wakakuta imeshapita.

"Usiikanyage yote ukiwa na abiria," Makarius alionya. Osmund hakusikia. Alikuwa anafuta machozi, na hayakuwa ya upepo.

Jumamosi asubuhi magari mawili meupe yalisimama sambamba Majengo. Emiliani alikuwa na chungwa juu ya dashibodi na tabasamu la mtu anayejua jambo. Osmund alilitazama lile tabasamu, akatia gia.

Mlima wa kwanza Emiliani alikuwa nyuma yake kidogo. Wa pili alikuwa nyuma sana. Wa tatu Osmund alitazama kioo, akaona barabara tupu na vumbi lake mwenyewe. Alifika Maposeni, akanywa togwa vikombe viwili, akasalimia wakwe, akafungiwa maua kwenye keria, ndipo Emiliani akaingia uani akinguruma kama mashine ya kusaga.

Bibi Kasiana alimwonyesha Emiliani masufuria kwa kidole.

Osmund alimpeleka Devota kanisani kwa mwendo wa maandamano, dirisha wazi, shela inapepea. Watoto walikimbia pembeni na kumpita. Safari ile hakujali kupitwa. Devota alimshika bega njia nzima.

Jioni, kwenye karamu, vijana walimbembeleza afungue boneti. Alifungua. Aliwaonyesha nozeli, akawaeleza ringi, akawahakikishia kwamba kutoka pale hadi Mbinga hakuna injini ya namna ile, na kama ipo mwenyewe ajitokeze. Emiliani alingoja wote waondoke, ndipo akasogea, masizi yamempanda hadi kwenye kola.

"Kaka, hongera. Na acha niungame. Niliposikia habari ya turubai, na mimi nilikwenda kwa Makarius kwa siri. Nikamwachia injini yangu, akanifungia hii nyingine, akaapa kwamba utaona vumbi langu tu. Nimedanganywa, kaka. Sijui ile yangu ameipeleka wapi. Ile ilikuwa inakwenda."

Osmund alishusha boneti taratibu, akakaa juu yake.